Kadi yangu ya benki iko kwa mkopeshaji: nianze kulipa deni lipi?

*"Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Morogoro. Mshahara wa msingi ni 822,000. Baada ya makato yote, pamoja na 250,000 ya mkopo wa benki uliobakiza miezi 31, zinaingia kama 416,000. Februari nilikopa 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Alichukua kadi yangu ya benki na namba ya siri, akanisainisha na karatasi kwamba nimemuuzia friji na makochi. Kila mshahara ukiingia anatoa 120,000, anasema ni riba. Huu ni mwezi wa saba na bado nadaiwa 600,000 ile ile. Kikoba nadaiwa 400,000, hisa zangu zimefika 260,000. Nina mkopo wa kwenye simu ulioandikwa 150,000, ingawa nilipokea 112,000. Sasa wanadai 290,000 na wameanza kumpigia mwalimu mkuu na ndugu zangu. Dukani kwa Mangi nadaiwa 85,000. Mume wangu anajua deni la benki tu. Nimepata mtu wa kunikopesha milioni moja nimalizane na wote. Nichukue? Na wakinipeleka polisi itakuwaje?"*

Mwalimu, hiyo milioni moja iache. Hujataja riba yake, lakini anayemkopesha milioni mwalimu ambaye kadi yake tayari iko kwa mtu mwingine hatoi kwa bei ya benki. Atataka dhamana, na baada ya kadi na friji kinachofuata ni kiwanja.

Kazi yako sasa ni kupanga nani alipwe nini kutoka kwenye 416,000 hiyo hiyo. Watu wenye madeni manne matano humlipa kwanza anayewasumbua zaidi, na ndipo wanapopotea, kwa sababu usumbufu hauendi sambamba na uzito wa deni. Kwako anayesumbua zaidi ni wa kwenye simu. Anayekumaliza ni wa kadi. Na kikoba, ambacho pengine ndicho kimya kuliko wote, ukikipuuza watalipa wadhamini wako, wanawake wenzako ambao hawakula hata senti ya mkopo huo.

Tumchukue wa kadi kwanza, maana hapo ndipo fedha yako inapovujia. Riba ya asilimia 20 kwa mwezi juu ya 600,000 ni 120,000. Ukilipa 120,000 umelipa riba ya mwezi ule peke yake na deni lenyewe hujaligusa, kwa hiyo utaratibu huu hauna mwisho: unaweza kulipa miaka mitatu na mtaji ukabaki pale pale. Ndiyo maana mtaani wanaiita mikopo ya kausha damu. Mpaka sasa umeshatoa 840,000 kwa mkopo wa 600,000.

Linganisha na hali ambayo ingekuwa halali. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha kama biashara awe na leseni, hata kama ni mtu mmoja mwenye meza na daftari. Wakopeshaji wa aina hiyo wako daraja la pili, leseni yao inatoka Benki Kuu ya Tanzania, na Benki Kuu imewaelekeza wasivuke riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa riba hiyo, ikipigwa kwenye salio linalopungua, mwezi wa kwanza riba yako ingekuwa 21,000 na 99,000 nzima ingepunguza deni. Ungelipa 120,000 kwa miezi mitano, na rejesho la mwezi wa sita lisingefika 72,000. Jumla yote ni kama 671,500. Maana yake hata kwa kiwango cha juu kinachoruhusiwa ulishamaliza, na umezidisha kama 168,000. Hesabu hiyo iandike kwenye karatasi kwa tarehe na kiasi, ukiambatanisha taarifa ya akaunti yako ya benki inayoonyesha kila alipotoa fedha. Ni silaha yako kubwa kuliko machozi.

Mwombe akuonyeshe leseni ya Benki Kuu. Wengi watakuonyesha leseni ya biashara ya halmashauri au cheti cha BRELA, wakala wa kusajili kampuni na majina ya biashara, na mkopaji anaridhika akiona muhuri. Hizo hazimpi mtu ruhusa ya kukopesha. Orodha ya wenye leseni ipo kwenye tovuti ya Benki Kuu, jina la kampuni litafute humo kwa herufi zile zile zilizo kwenye mkataba wako.

Lakini usije ukatoka hapo ukasema kwa kuwa hana leseni basi hela yake imekuwa sadaka. Fedha uliipokea, na sikushauri uweke matumaini yako kwenye hoja kwamba mkataba wote ni batili. Huo ni mjadala wa mawakili. Tumia hesabu kumfikisha mezani. Asiye na leseni hapendi kufika mahakamani kueleza biashara yake, na mwenye leseni anayetoza asilimia 20 hapendi jina lake lifike Benki Kuu. Pande zote mbili mna sababu ya kuelewana.

Sasa kadi. Kushikilia kadi ya mteja na namba yake ya siri hakuruhusiwi, na wewe kuitoa pia kunavunja masharti ya benki yako, kwa hiyo usiogope kwenda tawini kwa kuona aibu. Wahudumu wanakutana na jambo hili kila mwisho wa mwezi. Nenda na kitambulisho cha NIDA siku chache kabla ya mshahara kuingia, omba kadi ifungwe na upewe nyingine. Kubadilisha namba ya siri tu hakutoshi wakati kadi yenyewe iko mkononi mwake. Ukiwa hapo hapo, angalia kama huduma ya benki kwenye simu imeunganishwa na namba yako peke yako, maana wapo wakopeshaji wanaoisajili kwenye laini yao. Kuna ada kidogo ya kadi mpya.

Siku hiyo hiyo mpelekee barua. Ukifunga kadi ukanyamaza, atasema umemtoroka, na mwenyekiti wa mtaa atamwelewa. Barua isiwe ndefu:

*"Tarehe 12 Februari nilipokea kwako 600,000. Hadi leo umetoa kwenye akaunti yangu 840,000, taarifa ya benki nimeambatanisha. Nimeifunga kadi na kuanzia sasa nitalipa mwenyewe. Naomba riba isimame kuanzia leo na tukubaliane kwa maandishi kiasi cha mwisho. Niko tayari kulipa 50,000 kila tarehe 26. Naomba pia urejeshe kadi ya zamani na karatasi ya mauziano ya friji na makochi. Nakuomba unijibu kwa maandishi ndani ya siku saba."*

Tarehe weka yako. Angalia kwamba barua haikubali popote kuwa unadaiwa 600,000. Akija mezani, anza kwa kusema umeshamaliza na hesabu ndiyo hii. Atakataa, atashuka labda hadi 400,000. Binafsi ningekubali kitu kati ya 200,000 na 300,000 kwa awamu, riba ikiwa imesimama, ili kupata utulivu na karatasi zako. Zaidi ya 600,000 usikubali kwa namna yoyote, hata akikuambia kuna faini ya kuchelewa. Makubaliano yaandikwe, yataje neno "kiasi cha mwisho", yasainiwe na shahidi wa kila upande. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafaa kuwa shahidi. Lipa kwa benki au kwa simu, kamwe si taslimu mkononi.

Ile karatasi ya mauziano ndiyo inayokunyima usingizi, nadhani. Mtindo huo umeenea: mkopo unavishwa nguo ya mauzo ili siku ukishindwa aje na kirikuu kubeba "mali yake". Mahakama huangalia muamala ulikuwaje kwa kweli, na mtu aliyenunua friji mwezi Februari akaliacha jikoni kwako huku akitoa 120,000 kila mwezi kwenye akaunti yako atapata shida kueleza. Hakuna mwenye haki ya kuingia ndani kwako kubeba vitu bila amri ya mahakama. Mjumbe hana mamlaka hayo, mtendaji wa kata hana, na dalali anayekuja lazima awe na hati ya mahakama yenye jina lako, ambayo una haki ya kuisoma na kuipiga picha. Hata hukumu ikiwepo, sheria ya mwenendo wa madai inakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko. Wakija kwa nguvu usipigane nao mlangoni. Ita majirani, mwenyekiti wa mtaa, kisha polisi.

Kuhusu polisi: kushindwa kulipa mkopo ni suala la madai, halimpeleki mtu mahabusu. Linageuka jinai pale panapokuwa na udanganyifu, mfano ulikopa kwa hati ya kughushi, kwa jina la mtu mwingine au kwa hundi isiyo na fedha. Hilo halipo kwako. Ukiitwa kituoni nenda, tena na mtu mzima mwingine, uliza kwa upole unatuhumiwa kosa gani, onyesha hesabu na barua. Kinachowaponza wengi ni kusaini pale kaunta, kwa woga, ahadi ya kulipa kiasi chote kwa wiki mbili. Usisaini ahadi usiyoweza kuitimiza. Kitu cha kukiheshimu kweli ni samansi ya mahakama. Ikija, hata kutoka Mahakama ya Mwanzo, hudhuria siku hiyo hiyo iliyoandikwa. Usipotokea inatolewa hukumu ya upande mmoja na hesabu yako yote haina wa kuisoma. Ukihudhuria unaweza kuomba kulipa kwa awamu. Kifungo cha madai kipo kwenye sheria, sitakuficha, ila huja baada ya hukumu na baada ya mdaiwa kupewa nafasi ya kujieleza, na humlenga zaidi mwenye uwezo anayeficha mali.

Wa kwenye simu ni wepesi kuliko wanavyosikika. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali, kwa hiyo anza kwa kuangalia hao wako ni akina nani. Kumpigia mwalimu mkuu ni kutumia taarifa ulizohifadhi kwenye simu kwa lengo la kukuaibisha, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa pa kulalamika: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Piga picha za skrini za kila ujumbe, weka kumbukumbu ya namba na saa, ndipo uondoe programu. Ukiiondoa kabla, ushahidi na mkataba vinapotea pamoja. Jua pia kwamba kufuta programu hakufuti majina waliyokwisha kuyanakili, watapiga tu. Nguvu yao yote ni siri yako, basi wapokonye. Waandikie mwalimu mkuu na ndugu mstari mmoja: "Kuna watu wa mikopo ya simu wanawapigia kuhusu mimi. Deni nalishughulikia, ninyi hamhusiki, msiwatumie fedha." Baada ya hapo simu zao zinapungua uzito.

Fedha uliyopokea kwao ni 112,000. Wape pendekezo la 20,000 kwa mwezi hadi ifike kiasi hicho na nyongeza ya haki kidogo, na ulipe kwenye namba iliyo ndani ya mkataba tu. Mkusanyaji akikuambia "tuma kwenye namba yangu nikupunguzie", ujue malipo hayo hayataonekana popote na wiki ijayo atapiga mwenzake.

Kikoba nenda mwenyewe, usitume mtu. Mfuate mwenyekiti na mweka hazina kabla ya siku ya kikao, kisha useme mbele ya wanachama. Omba mambo mawili: faini zisimame, na hisa zako 260,000 zifyekwe kwenye deni, sasa au siku ya kuvunja kikundi, kulingana na katiba yenu. Zikifyekwa linabaki 140,000, na kwa 20,000 kwa mwezi unamaliza ndani ya miezi saba. Utapoteza mgao wa faida wa mwaka huu. Ni hasara ndogo. Vikundi vingi vinakubali kwa sababu mbadala wao ni kugombana na wadhamini, na hakuna kikundi kinachopenda kufikisha ugomvi huo kwa afisa maendeleo ya jamii. Mangi mpe 10,000 kila mwezi na usikope tena kwake hadi daftari lifungwe. Huyu ni wa kulindwa, siku mshahara ukichelewa yeye ndiye atakayekupa unga.

Sasa jumlisha. Tuseme chakula, kodi, nauli na shule za watoto vinakula 310,000 (wewe weka tarakimu zako za kweli, na usizipunguze ili karatasi ipendeze). Kwenye 416,000 zinabaki 106,000: 50,000 wa kadi, 20,000 kikoba, 20,000 wa simu, 10,000 Mangi. Jumla laki moja, na 6,000 ya dharura. Ni nyembamba mno, najua. Ndiyo maana nakusihi usiahidi zaidi: ahadi ya 50,000 inayotimia kila tarehe 26 inamtuliza mdai, wakati ya 120,000 inayovunjika mwezi wa pili inakurudisha kwenye vitisho ukiwa umeshapoteza heshima yako mezani.

Na benki? Watu husema usilipe deni kwa deni. Kanuni nzuri, ila hapa ina tundu. Laki sita kwa mkopeshaji wako zinakula 120,000 kwa mwezi bila kupungua. Laki sita zikiongezwa kwenye mkopo wa benki wa asilimia 17 kwa mwaka, kwa miezi ile ile 31, zinaongeza makato kama 24,000 kwa mwezi, jumla kama 745,000 bila ada. Sheria ya theluthi inataka baada ya makato yote ubaki na angalau theluthi ya mshahara wa msingi, kwako ni 274,000, kwa hiyo nafasi unayo. Hatari iko kwenye namna ofisa mikopo atakavyokuuzia. Atasema: salio lako ni kama milioni 6.2, chukua mkopo mpya wa milioni 7.5 kwa miezi 60, tunalipa wa zamani, unaondoka na milioni 1.3 na makato yanashuka hadi kama 186,000. Inapendeza sana. Lakini ulikuwa umebakiza kulipa milioni 7.75 na sasa utalipa karibu milioni 11.2. Hiyo milioni 1.3 imekugharimu zaidi ya milioni 3.4.

Kwa hiyo nyongeza ya benki iwe akiba ya mwisho: endapo mkopeshaji atakubali kwa maandishi kiasi cha mwisho cha kulipwa kwa mkupuo, endapo kadi na karatasi zinarudi siku hiyo hiyo, na endapo benki itakubali kiasi kidogo bila kurefusha muda. Likikosekana moja, baki kwenye awamu. Uliza pia kuhusu kurefusha muda wa mkopo uliopo bila kuongeza fedha. Benki huwa hawalitaji wenyewe, nalo lina gharama yake ya riba, ila linaweza kukupa pumzi kama kodi ya nyumba inakukaba.

Mume wako mwambie kabla barua haijafika kwa mkopeshaji. Baada ya kadi kufungwa mtu wa kwanza atakayetafutwa ni yeye, na afadhali alisikie kwako akiwa ameshaona hesabu kuliko alisikie getini kwa mgeni. Najua kuna nyumba ambazo kusema ni hatari. Kama yako ni mojawapo, mwanzie ndugu anayemheshimu, au ofisi ya ustawi wa jamii.

Kuna wakati ushauri wa kusoma hautoshi. Mtafute msaidizi wa kisheria ana kwa ana ukipata samansi, ukikuta umesaini kitu kinachohusu nyumba au kiwanja, wakija kubeba vitu, au mkopeshaji akikataa kujibu barua. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hao, ofisi ya halmashauri inawajua waliosajiliwa wilayani kwako. TAWLA, yaani Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pia hutoa ushauri bila malipo, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia hupita mikoani. Uliza vilevile chama chako cha walimu. Malalamiko kuhusu riba na kadi yapeleke kwanza kwa mkopeshaji kwa maandishi, kisha Benki Kuu ukiwa na nakala. Matawi ya karibu nawe ni Dodoma na Dar es Salaam. Na kama usiku unapita unafikiria bora usingekuwepo, usingoje mshahara wala kikao. Mwambie mtu leo, na uende hospitali ya wilaya au ya mkoa uwaeleze hivyo hivyo. Wanahudumia hilo kama wanavyohudumia malaria.

Utakapomaliza na kila mmoja, dai barua ya kumaliza deni yenye jina, kiasi na tarehe. Kwa yule wa kadi, omba ile karatasi ya mauziano, nakala halisi yenye saini yako, uichane mbele ya mashahidi. Akisema imepotea, aandike na kusaini kwamba haina nguvu tena, kabla hujamtumia rejesho la mwisho.